Jicho la Chumba cha Juu

Mimi hakuna la kunishangaza tena. Punda kuwasha taa za hoteli nzima huko Shela, nimeona. Popo kuita askari saba na mbwa mmoja, nimeona. Bwana mmoja mwenye cheo chake aliniamrisha nimfungie king'ora kikali kuliko vyote, kikamlilia yeye mwenyewe akitoka kuoga, akakimbilia uani na taulo. Huyo nilimpa mgongo mpaka akavaa. Kwa hiyo mkija kunihadithia maajabu ya kazi, nyinyi vijana mnaoanza ufundi huu, mtanikuta nimeshayachoka kabla hamjayamaliza.

Naitwa Bakari, lakini ukiuliza Bakari hapa Amu, Lamu kwa watu wa bara, utaoneshwa kumi kabla yangu. Uliza Fundi Mato. Mato ndiyo macho kwa lugha ya hapa, na jina nilipewa kwa sababu ya vile vijisanduku vyeupe vya pembeni mwa dari vinavyonasa mwendo wa mtu. Madukani mnaviita sensa. Wateja wangu waliviita macho, nami nikayafuata maneno ya anayelipa. Nimeyafunga Amu mjini, Shela, Matondoni, mpaka Siyu kule ambako ngazi niliibeba begani kwa kijia cha miguu, jua la saa saba. Nyumba sikuzihesabu. Nilichoka kuhesabu kabla sijachoka kupanda.

Kisomo changu ni darasa la sita, na hilo la sita sikulimaliza. Nimezaliwa Kizingitini, nyumba ambayo kitu pekee cha umeme kilikuwa tochi ya baba. Hakuna aliyenishika mkono kunipeleka mahali. Haya yote niliyachukua kwa kidole changu mwenyewe, na kidole hicho kimepigwa na umeme mara nyingi kuliko mnavyojua. Sasa magoti yamekataa ngazi, nimeachia. Mmeniomba niandike, naandika. Mkitaka habari za vyeo hamtazikuta, sikuwa na bosi wa kunipandisha.

Nilianza Mombasa kwa Fundi Salehe, mtu mfupi, mkali, mpenda kahawa. Siku yangu ya kwanza hakunipa bisibisi. Alibandika jicho ukutani, akawasha, akakaa kwenye kiti.

"Tembea," akaniambia. "Pita mbele yangu, kutoka dirisha mpaka mlango."

Nikapita. Taa nyekundu ndani ya kijisanduku ikawaka.

"Sasa rudi kule mwisho, uje moja kwa moja kwenye jicho. Polepole, kama mwizi mwenye adabu."

Nikaja. Taa kimya. Nilifika karibu ya kuligusa ndipo ikashtuka.

"Simama hapo. Usitikisike."

Nikasimama. Baada ya muda taa ikazima, na mimi mzima mzima nimesimama mbele yake.

"Limekusahau," akasema Fundi Salehe. "Kwa hili jicho, wewe umekufa. Haya, nieleze kwa nini."

Sikujua. Akanieleza mara moja tu, na mimi nitawaeleza mara moja tu. Hili jicho halitoi kitu. Halitupi mwanga, halipigi picha, limekaa tu linapokea. Kila kitu chenye joto kinatoa mionzi ambayo macho yetu hayaioni: mtu, paka, jiko, ukuta uliopigwa na jua. Ndani ya kijisanduku mna visahani viwili vidogo kama kucha za mtoto, vimekaa ubavu kwa ubavu, na vinahisi joto hilo. Chumba kikipata joto polepole, visahani vyote viwili vinapata sawasawa, kimoja kinafuta cha mwenzake, hakuna kelele. Lakini mtu akikatiza, joto lake linapiga kisahani hiki kwanza halafu kile. Hapo hesabu haziwi sawa, na jicho linapiga kelele. Ile plastiki ya mbele, nyeupe kama maziwa, yenye mistari mistari, si pambo. Imekikata chumba vipande kama upepeo uliokunjuliwa. Mtu anayekatiza anatoka kipande kimoja anaingia kingine, kila mara joto linaruka. Anayekuja moja kwa moja anabaki kipande kilekile, ndiyo maana anachelewa kuonekana. Na aliyetulia hayupo.

Basi, hiyo ndiyo elimu yote. Lifunge mahali ambapo mwizi atalazimika kukatiza mbele yake, siyo kulijia usoni. Urefu uwe wa mtu mrefu aliyenyoosha mkono.

Lakini Fundi Salehe alikuwa na somo lingine, na hili alilirudia kila nyumba mpaka nikalichukia. "Kabla hujatoboa, uliza nani anatembea hapa." Yeye alikuwa akiingia nyumba ya mtu, anakaa, anapewa kahawa, anamuuliza mwenye nyumba, anamuuliza mpishi, anauliza paka analala wapi, mtoto anaamka saa ngapi kwenda haja. Nyumba ya kazi ya saa mbili inakula siku nzima. Mimi nilidhani mzee anapenda kahawa. Nilipojitegemea, somo la kwanza nililichukua, la pili nikaliacha Mombasa.

Nikarudi Amu na drili moja na jeuri nyingi. Nyumba zetu za mawe ziliniadabisha. Ukuta ni jiwe la matumbawe na chokaa, upana wake mkono mzima. Unatoboa, unaingia kama mkate, halafu ghafla jiwe gumu, drili inakuzungusha wewe. Skrubu za chuma cha kawaida mwaka haupiti zimeoza kwa chumvi, tumieni za shaba au msifunge. Mashimo ya nyuma ya kijisanduku zibeni na silikoni, la sivyo mdudu ataingia atembee juu ya kisahani, na kwa jicho mdudu aliye karibu ni mkubwa kuliko jambazi aliye mbali. Mjusi naye anapenda kulala juu yake, kuna ujoto. Msilielekeze dirisha linaloingiza jua la alasiri, wala mlango wa jikoni, wala pazia linalopigwa na upepo wa moto. Kioo halipenyi. Mama mmoja wa Shela, mgeni, alitaka nilifiche ndani ya kabati la vioo lisimharibie sura ya sebule. Nikamwambia, mama, ukilitia humo litakulindia vikombe.

Na mwezi wa tatu, kaskazi inapokufa, chumba cha juu chenye bati kinafika joto la mwili wa mtu. Hapo jicho linakaribia kuwa kipofu. Mtu ana joto sawa na ukuta, halioni tofauti. Hili madukani hawawaambii. Mimi nawaambia bure.

Wenye nyumba wa mji wa zamani walikuwa na swali moja kabla ya bei. Wanauliza kwa aibu, wanaangalia pembeni: hilo jicho linawaona wake zetu? Nikajifunza jibu, nikalitia mapambo. "Bwana, hili halimjui mwanamume wala mwanamke. Halioni uso, halioni buibui. Linajua joto limepita, basi." Kwa maneno hayo nimefunga nusu ya mji. Na ni kweli. Ndilo kosa lenyewe, kwamba ni kweli.

Sasa niwape ile kesi. Sikuisimulia mpaka leo kwa sababu mwenye siri alinitaka ninyamaze mpaka afe. Amekufa, Mungu amrehemu, na aliniambia kwa kinywa chake, nikishaondoka sema, ili wengine wajue.

Kulikuwa na nyumba ya ghorofa moja katikati ya mtaa, nyumba ya ukoo, ikauzwa kwa mfanyabiashara wa Nairobi. Yeye anakuja mara mbili kwa mwaka. Mlinzi wake alikuwa Bwana Shali, mtu wa Mbwajumali, mwenye umri wa kunizidi kidogo, mpole, maneno yake machache kama mtu anayeyanunua. Alikaa chumba cha chini miaka mingi tangu wenyewe wa zamani, na mnunuzi akamrithi pamoja na milango. Mshahara wake ndio uliokuwa ukisomesha wajukuu wawili.

Nyumba hiyo ina wikio. Kwa nyinyi wa bara mtakaosoma, wikio ni chumba kama daraja, kimevuka juu ya njia kutoka nyumba hii hadi ya jirani, ili wanawake watembeleane huko juu bila kushuka barabarani. Wikio hilo lilifungukia chumba cha juu cha nyumba hii iliyouzwa, na upande wa pili wa chumba hicho kulikuwa na kijilango cha kuingilia nyumba ya tatu. Zote tatu zilikuwa za ndugu zamani.

Mwenye nyumba akanipa kazi kwa simu. Macho manne, sanduku la betri, king'ora. "Fundi, king'ora ya chini ilie. Ya juu nitumie meseji tu kwa simu, silent, nataka kujua nani huingia huko juu. Hizo milango mbili za juu wachana nazo, zimefungwa kitambo, ni za urembo."

Nikapanda. Mlango wa wikio niliuona, umechongwa maua. Komeo lake lilikuwa chini, limefungwa, na lilikuwa liking'aa kama pete ya arusi. Naliandika hili polepole ili mlisome polepole. Kila chuma cha nyumba ile kilikuwa na kutu na vumbi, isipokuwa makomeo mawili ya juu. Niliyaona kwa macho yangu haya. Nikafunga jicho pembeni, likatize chumba chote, nikajaribu kwa kutembea, taa ikawaka vizuri. Bwana Shali alisimama mlangoni akinitazama.

"Fundi," akasema, "hilo la huku juu lina lazima?"

"Mwenye nyumba kataka."

"Haya," akasema. Basi. Ningekuwa Fundi Salehe ningekaa, nikaomba kahawa.

Kesho yake meseji ikaja, kwa mwenye nyumba na kwangu. Jicho la juu limeona mwendo. Baada ya Adhuhuri, mara moja. Kabla ya Magharibi, mara moja tena. Kesho kutwa vilevile. Na kila siku, mara mbili.

Nikasema jua. Nikafunga dirisha kwa ubao. Meseji ikaja. Nikasema mjusi, nikalisafisha, nikaziba upya na silikoni. Ikaja. Nikasema popo, nikapunguza ukali wake, likawa linataka hatua tatu kabla ya kutuma meseji. Ikaja. Nikafunika kwa tepu vipande vya chini vya ile plastiki ili paka asionekane. Ikaja. Nikang'oa lote nikaweka jipya kutoka kwenye boksi. Wiki tano nilipanda ngazi zile. Meseji mbili, kila siku, kama adhana.

Mwenye nyumba akachoka. "Fundi, ama kitu yako ni bure, ama huyo mzee ananichezea. Anakodisha vyumba zangu? Niambie moja."

Na mimi hapo, wakati huohuo, nilikuwa nangoja hoteli moja ya Shela. Macho arubaini. Kazi kubwa kuliko zote maishani mwangu, na meneja alikuwa akiulizauliza mjini kama jicho la Bakari hulia ovyo. Nilikuwa nimejitangaza barazani kwamba langu halikosei. Sasa niseme limekosea?

Nikamwendea Bwana Shali. Sikumngoja awe peke yake. Alikuwa amekaa kwenye daka, ile baraza ya mawe ya mlangoni, na wanaume watano wa mtaa, wametoka kuswali Alasiri. Nikasimama mbele yao.

"Bwana Shali, unamfungulia mtu huko juu?"

Akainua macho, akanitazama.

"Chombo changu hakina uongo. Kuna mtu anapita. Kama si wewe unayemwingiza, apa hapa mbele ya wazee. Sema wallahi hakuna mtu ninayemfungulia."

Akaangalia viatu vyake. Mmoja akamsukuma kwa maneno, "Apa, Shali, yaishe." Mwingine, "Ulimi wako una nini leo?"

"Siapi," akasema.

Hapa kwetu mtu akikataa kuapa, kesi imekwisha. Hakuna anayeuliza tena. Niligeuka nikawatazama wale wazee kama mtu aliyeshinda mbio. "Si niliwaambia? Jicho halikosei."

Nikampigia mwenye nyumba palepale. Bwana Shali akaondoka siku ya tatu na sanduku lake la bati, akarudi Mbwajumali na jina la mtu aliyekuwa akiingiza watu nyumba ya mwenziwe. Akaletwa askari wa kampuni kutoka bara, kijana asiyemjua mtu. Na meseji zikakatika. Siku hiyohiyo. Nilizunguka na simu nikiwaonesha watu: tazama, kaondoka, kimya. Meneja wa Shela akanipigia, akasema njoo tuandikiane wiki ijayo, halafu akaahirisha mpaka bodi yao ikae.

Kama mwezi na siku kadhaa baadaye, msichana mmoja akanipigia simu, bibi yake ananiita, ana kazi. Nyumba ni ile ya upande wa pili wa wikio. Nikaenda na mkoba wangu. Nikakaribishwa ukumbini, na nyuma ya pazia kukawa na sauti ya mwanamke mtu mzima. Huyu alikuwa Bi Mwanaesha, aliyefiwa na mume miezi michache nyuma. Mumewe nilimzika mimi pia.

"Salamu alaikum, Bi."

"Alaikumu salamu. Wewe ndiwe fundi wa mato?"

"Ndiye mimi, Bi. Nyumba nzima au mlango tu?"

"Keti kwanza. Hayo mato yako yana akili?"

Nikacheka. "Yana akili kuliko watu wengine, Bi."

"Basi yaliniona mimi wiki tano, na hayakukwambia ni mimi?"

Nilikaa. Sikuwa nimekaa mpaka hapo.

Akanieleza bila kupandisha sauti. Alikuwa kwenye eda. Mwanamke aliyefiwa hukaa ndani miezi minne na siku kumi, na kwa watu wa nyumba zile kukanyaga njia kabla haijaisha ni maneno ya mji mzima. Lakini nyumba ya tatu alikuwa amelala dada yake, Bi Rukia, kapooza upande mmoja. Hali chakula ila cha mkono wa Bi Mwanaesha. Basi kila siku baada ya Adhuhuri Bi Mwanaesha alivuka wikio na sahani yake, akapita chumba cha juu cha ile nyumba iliyouzwa, akaingia kwa dada yake. Kabla ya Magharibi akarudi. Bwana Shali alikuwa akiinua makomeo, anashuka chini, anakaa amegeuza mgongo mpaka apite.

"Ulipofunga lile jito lako akaniambia. 'Bi, kuna kitu pembeni, kitasema.' Nikamwambia basi nisipite. Akasema, 'Pita. Kikisema nitajibu mimi.'"

"Kwa nini hakusema, Bi? Mbele ya wazee—"

"Aseme nini? Kwamba mjane wa fulani yuko kwenye eda na anapita nyumba ya mtu wa bara? Umemtaka aape, na uongo hakutaka kuapa. Sasa wewe ungempenda aliyeapa?"

Nikauvuta mkoba wangu magotini.

"Komeo liliposhuka nikagonga. Yule kijana wenu hakunisikia, au alinisikia akaogopa. Nikampeleka chakula Rukia kwa mkono wa huyu mtoto. Akafumba mdomo. Siku kumi na nane, fundi. Zilikuwa zimebaki kumi na mbili eda yangu iishe. Nilisikia kilio cha msiba kutoka kwake, nikashuka kwa ndia, mchana, na miguu mitupu, na walioniona waliniona."

Msichana akaleta maji. Sikuyagusa.

"Mauti ni ya Mungu," akasema, "kwa hayo sikudai. Nakudai Shali. Umemvua jina lake pale mlangoni. Nenda ukamvishe."

"Nitawaambia, Bi. Leo hii. Nitawaambia ulipita wewe kwa haja ya—"

"Unitaje mimi nikiwa hai? Thubutu! Shali amelala ndaa kwa kunifinika, uje wewe unifunue?"

"Basi nitamsafishaje bila kusema aliyepita?"

"Yua wewe. Si ndiwe usiyekosea?"

Nikateremka. Nawaambieni, nimepigwa na umeme wa nyumba nzima nikaanguka kutoka ngazi nikaamka nikaendelea. Hapo nilifika kona ya kwanza nikakaa chini.

Siku nne nilizunguka na hesabu hiyo. Mtu alipita, lazima. Nikisema alipita, wataniuliza nani. Nikisema hakupita mtu, basi jicho lilikosea, na jicho likikosea ni mimi, na Shela imekwenda. Hakuna upande wa tatu. Na kusema kwamba chombo ni kibovu ningekuwa nasema uongo. Kilikuwa chombo kizima kuliko fundi wake. Siku ya tano nikasikia bodi ya Shela inakaa Jumatatu. Nikajiambia, ngoja Jumanne. Kisha nikajisikia nilivyojiambia, nikaona haya peke yangu chumbani.

Ijumaa baada ya Alasiri wazee walewale walikuwa kwenye daka lilelile. Nikasimama pale nilipokuwa nimesimama.

"Ile habari ya Bwana Shali," nikasema, "nimekosa. Yeye hana kosa. Nilifunga jicho pahali hapakufaa kufungwa, na sikuuliza kabla ya kutoboa. Kosa ni la kazi yangu, na nimemdhulumu mtu kwalo."

Wakatazamana. Halafu mmoja akaanza kucheka.

"Kumbe Fundi Mato leo kapata upofu!"

"Na langu la dukani, Bakari? Nalo utaniambia lini?"

"Si ulisema halikosei wewe? Ulilia hapa kuliko hicho king'ora chako!"

"Nilisema," nikajibu. "Nimekosa."

Mzee mmoja tu hakucheka. Alinitazama, akainua macho taratibu mpaka kwenye wikio juu yetu, akayashusha. "Bakari," akasema, "huo ni usemi mzuri. Usiuongeze." Nikajua kwamba yeye anajua, na pengine alijua siku ile niliyosema apa.

Nikampigia mwenye nyumba, nikamwambia vilevile. Akanitukana kwa Kiswahili cha Nairobi na Kiingereza cha kwao, nikangoja amalize. Jumatatu Shela wakampa kazi mtu wa Malindi. Kabla mwezi haujaisha wateja sita waliniita kuja kung'oa. Niling'oa. Yalikuwa mazima yote.

Nilikwenda Mbwajumali kwa boti ya asubuhi. Nilimkuta Bwana Shali shambani, jembe mkononi, anapalilia mtama. Hakuacha.

"Nimekuja kutaka radhi."

"Umesema nini huko Amu?"

"Nimesema nimekosa. Nimesema pahali hapakufaa na sikuuliza."

"Mbele ya nani?"

"Walewale. Daka lilelile."

Akapiga jembe mara mbili. "Umemtaja Bi?"

"La."

"Hata kwa kuashiria?"

"La, wallahi."

Akasimama sawasawa, akalilaza jembe. "Umeapa upesi," akasema, na nadhani lilikuwa jambo la mzaha, ingawa uso wake haukuonesha. "Ndoo unywe mai. Jua kali."

Tukanywa maji. Nikamwambia mwenye nyumba anamtaka arudi. Yule kijana wa kampuni alikuwa ameshindwa na popo. Akasema atarudi lile la juu likitoka. Nilipanda mwenyewe kulitoa, na hiyo ndiyo ngazi yangu ya mwisho. Nikachokonoa silikoni, nikatoa skrubu mbili za shaba, nikaziba matundu kwa chokaa. Bwana Shali alisimama mlangoni kama mara ya kwanza. Nilipomaliza alinipita, akaenda kwenye komeo la wikio, ambalo halikuwa na mtu wa kupita tena, akalifuta kwa kanzu yake.

Basi, vijana. Mnaweza kusahau habari za visahani na upepeo na mwezi wa tatu, hayo mtayapata kwenye simu zenu. Kabla ya kutoboa, kaeni. Kunyweni kahawa ya watu. Ulizeni nani anatembea hapo, na mtu akinyamaza, ulizeni kwa upole au ondokeni. Na mkiona komeo linang'aa, jueni kuna mkono.

Shela siihesabu, kwa sababu haikuwa yangu bado. Wale sita siwahesabu. Nahesabu nilichotoa mfukoni tu. Mwenye nyumba nilimrudishia bei ya macho manne, sanduku, betri, king'ora, waya na kazi yangu, elfu hamsini na mbili na mia sita. Boti ya Mbwajumali kwenda na kurudi, elfu moja. Sukari kilo mbili na majani ya chai niliyompelekea mke wa Bwana Shali, mia nne na themanini. Jumla, shilingi elfu hamsini na nne na themanini.